Jinsi mashirika ya ujasusi yanavyochambua taarifa, na kwa nini hukosea

MWEZI Agosti mwaka 1997 polisi wa Kenya, wakifuatana na maofisa wa Marekani, walipekua nyumba moja jijini Nairobi. Aliyekuwa akiishi humo ni Wadih el Hage, raia wa Marekani mzaliwa wa Lebanon, ambaye miaka michache kabla ya hapo alikuwa katibu wa Osama bin Laden nchini Sudan. Mwenyewe alikuwa safarini. Miongoni mwa vitu vilivyochukuliwa ilikuwamo kompyuta.

Ndani ya kompyuta hiyo ilikutwa barua ya kijana mmoja wa Kikomoro, Fazul Abdullah Mohammed, aliyejulikana pia kwa jina la Harun. Barua ilieleza kwamba kundi lao la Afrika Mashariki lilikuwa hatarini, kwamba Wamarekani walikuwa wakiwafuatilia, na kwamba mkubwa wao alikuwa ametangaza vita dhidi ya Marekani. Wapelelezi waliisoma. El Hage alirejea Marekani mwezi uliofuata, akahojiwa mjini New York, na wengi waliamini kwamba genge la Nairobi lilikuwa limekwisha kuvunjika.

Haikuwa hivyo. Asubuhi ya 7 Agosti 1998, malori mawili yaliyosheheni milipuko yalilipuka kwa kupishana dakika chache tu katika balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11. Wamarekani miongoni mwao walikuwa 12. Waliobaki takriban wote walikuwa wenyeji waliokuwa kazini, njiani, au ndani ya jengo la Ufundi lililoporomoka pembeni ya ubalozi wa Nairobi. Fazul alikuwa mmoja wa waliopanga shambulio hilo.

Bodi za uchunguzi zilizoongozwa na Admirali mstaafu William Crowe zilitoa ripoti zao Januari 1999. Zilisema hapakuwa na taarifa ya kuaminika iliyotoa tahadhari ya moja kwa moja kuhusu mashambulio ya siku ile. Lakini zilieleza pia kwamba taarifa kadhaa za vitisho dhidi ya ubalozi wa Nairobi zilikuwa zimepokewa hapo kabla, zikasambazwa kwa wahusika, kisha nyingi zikawekwa kando kwa sababu walioleta taarifa hizo walitiliwa shaka.

Waliofukua vifusi kwa mikono hawakuhitaji kusoma ripoti ili kuuliza swali lao. Kama barua ilikuwapo na vitisho vilikuwapo, ilikuwaje pasiwepo aliyejua?

Jibu lake halipendezi, lakini ndilo linalotajwa karibu kila mara tume inapoundwa kuchunguza maafa ya namna hii. Kuwa na taarifa si kujua. Kati ya mambo hayo mawili ipo kazi ndefu iitwayo uchambuzi, na katika kazi hiyo ndiko mashirika ya ujasusi yenye fedha na mitambo mingi kuliko yote duniani yameanguka mara nyingi zaidi kuliko yalivyoanguka katika kukusanya habari.

Kazi hiyo haijulikani sana kwa wananchi. Aliyekulia kwenye riwaya za Elvis Musiba anamjua mpelelezi Willy Gamba, mtu wa bastola, ndege na hoteli za kifahari. Mchambuzi hana lolote kati ya hayo. Ni mtu wa mezani, mara nyingi mwenye shahada ya historia, uchumi, sayansi au lugha, anayesoma kuanzia asubuhi hadi jioni na kuandika kurasa mbili ambazo pengine waziri hatazimaliza.

Vitabu vya mafunzo huieleza kazi nzima ya ujasusi kama mzunguko. Viongozi hueleza wanachotaka kukijua, wakusanyaji hukitafuta, kilichopatikana husafishwa, hufasiriwa na kupangwa, wachambuzi hukipa maana, kisha tathmini hurudishwa kwa viongozi, nao huuliza maswali mapya. Maofisa wengi waliofanya kazi hiyo wanakiri kwamba mambo hayaendi kwa unadhifu huo, lakini mchoro huo unafaa kumwonyesha mgeni jambo moja: anayekusanya na anayechambua ni watu wawili.

Katika Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA, watu hao wako katika kurugenzi tofauti. Sababu ni ya kibinadamu. Ofisa aliyehangaika miaka miwili kumshawishi mtu awe mtoa habari wake huanza kumpenda mtu huyo, na humtetea hata pale habari zake zinapopwaya. Mchambuzi, ambaye hajawahi kumwona, anatakiwa kumsoma bila huruma.

Taarifa zenyewe huja kwa njia nyingi: picha za setilaiti, mawasiliano yaliyonaswa, maneno ya watoa habari, pamoja na magazeti, redio, hotuba na takwimu ambazo mtu yeyote anaweza kuzipata. Kundi hili la mwisho hudharauliwa na wasioijua kazi. Uingereza ilianzisha kitengo cha kusikiliza redio za nchi nyingine mwaka 1939 chini ya BBC, na kitengo hicho kipo hadi leo, kwa sababu kinachosemwa hadharani, na hasa kinachoacha kusemwa ghafla, huweza kueleza mengi.

Kabla ya kuchambuliwa, nyingi kati ya taarifa hizi ni sawa na mchele usiopetwa. Mfano mmoja uko hapahapa pwani. Baada ya Wajapani kushambulia Colombo Aprili 1942, Waingereza walihamishia kituo chao cha kufumbua misimbo Kilindini, Mombasa, katika majengo ya shule yanayotazama bahari. Mitambo ilipokea mawimbi kwa shida kutokana na umbali. Hata hivyo, kabla ya mwaka huo kwisha wataalamu wa Kilindini waliufumbua msimbo wa meli za biashara za Japani, wakisaidiwa na kosa lililofanywa na Wajapani wenyewe katika kutuma ujumbe. Tangu hapo safari za meli zile zilisomeka. Kituo kilirudi Colombo mwaka 1943, na wenyeji wengi wa Mombasa hawakupata kujua kilichokuwa kikifanyika shuleni pale.

Taarifa ikishasomeka, swali la kwanza ni imetoka kwa nani. Majeshi ya nchi za Magharibi hutumia kipimo cha herufi na tarakimu ambacho asili yake ni jeshi la majini la Uingereza. Herufi A hadi F hupima chanzo, na tarakimu 1 hadi 6 hupima habari yenyewe. A ni chanzo kisichotiliwa shaka. F ni chanzo ambacho uaminifu wake hauwezi kupimwa. Moja ni habari iliyothibitishwa na vyanzo vingine. 6 ni habari ambayo ukweli wake hauwezi kupimwa.

Kipimo hicho kilitenganishwa sehemu mbili kwa makusudi, kwa kuwa mtu mwaminifu anaweza kuleta uongo aliouamini, na mwongo aliyekubuhu anaweza, siku moja, kuleta ukweli. Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Mchambuzi anayeiamini methali hiyo hafai kwa kazi.

Baada ya hapo huja sehemu ngumu, ambayo haihusu adui wala chanzo, bali kichwa cha mchambuzi mwenyewe. Richards Heuer, aliyefanya kazi CIA kwa miongo kadhaa, alichapisha mwaka 1999 kitabu kuhusu saikolojia ya uchambuzi ambacho hadi leo husomeshwa katika mafunzo ya wachambuzi. Hoja yake kuu ni kwamba binadamu haoni kilichopo, huona anachotarajia. Akishajenga dhana moja, kila habari mpya huikata na kuishona ili iingie ndani ya dhana hiyo. Na kadiri anavyolijua jambo kwa muda mrefu, ndivyo anavyochelewa kutambua kwamba limebadilika.

Dawa aliyoipendekeza inafanana na kazi ya daktari makini. Badala ya kuchukua maelezo yanayovutia zaidi na kutafuta ushahidi wa kuyaunga mkono, mchambuzi aorodheshe maelezo yote yanayowezekana, kisha apitishe kila ushahidi mbele ya kila maelezo na kuuliza ni yapi unayapinga. Homa inaweza kuwa malaria, taifoidi au mafua; kusema mgonjwa ana joto hakusaidii kuchagua. Ushahidi wenye thamani ni ule unaoondoa mojawapo. Maelezo yanayobaki na ushahidi mchache wa kuyapinga ndiyo ya kushika, tena kwa muda tu.

Israel ililipa gharama kubwa kabla ya kuchapishwa kwa kitabu hicho. Mwaka 1973 idara yake ya ujasusi wa kijeshi, chini ya Jenerali Eli Zeira, ilikuwa na nadharia moja iliyokubalika: Misri haitaanzisha vita kabla ya kupata ndege za masafa marefu na makombora ya kuifikia Israel, na Syria haitapigana bila Misri. Nadharia hiyo haikuzuka hewani; ilitokana na taarifa za kweli za miaka iliyotangulia. Ndiyo maana ilikuwa hatari.

Mwishoni mwa Septemba mwaka huo, Mfalme Hussein wa Jordan alikwenda kwa siri kumwonya Waziri Mkuu Golda Meir. Majeshi ya Misri yalijazana kandokando ya Mfereji wa Suez. Luteni mmoja kijana wa ujasusi upande wa kusini aliandika, siku chache kabla ya vita, kwamba mazoezi ya Wamisri yalionekana kuwa kifuniko cha maandalizi ya shambulio. Maandishi yake hayakuvuka ngazi ya wakubwa wake. Hata familia za Warusi zilipoanza kuondolewa Misri na Syria kwa haraka, jibu lilibaki lilelile: uwezekano wa vita ni mdogo. Vita vilianza mchana wa 6 Oktoba 1973. Israel ilipoteza askari zaidi ya 2,500, na vikwazo vya mafuta vilivyofuata vilipandisha bei hadi Mombasa na Dar es Salaam.

Tume ya Jaji Shimon Agranat iliposikiliza mashahidi, ilikuta kwamba taarifa za kutosha zilikuwapo mezani. Ujasusi wa kijeshi wa Israel baadaye uliunda kitengo kidogo ambacho kazi yake ni kupinga: kuchukua tathmini iliyokubaliwa na kuandika, kwa ushahidi uleule, kwamba kinyume chake ndicho kweli. Kuwa mpinzani kwa amri si kazi ya kupendwa, na wanaoifanya huweza kuishia kusikilizwa kwa adabu tu.

Upo ugumu mwingine unaoonekana mdogo, nao ni wa maneno. Machi 1951 wachambuzi wa Marekani waliandika kwamba shambulio la nchi za Kikomunisti dhidi ya Yugoslavia mwaka huo lilikuwa jambo linalopaswa kuhesabiwa kuwa linawezekana kwa uzito. Aliyeongoza kazi hiyo, Sherman Kent, mwanahistoria kutoka Chuo Kikuu cha Yale, aliulizwa na ofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje maneno hayo yana maana gani. Yeye alikuwa na maana ya asilimia 65. Mwulizaji alikuwa ameelewa chini ya hapo. Kent akarudi kwa wenzake waliokubaliana naye kila neno na kuwauliza mmoja mmoja: majibu yao yalianzia asilimia 20 hadi 80. Watu waliotia saini sentensi moja walikuwa wametia saini mambo tofauti.

Kiswahili nacho kina mtego huo. Mmoja akisema huenda mvua ikanyesha, mwingine yamkini itanyesha, na wa tatu pengine itanyesha, ni nani aliyeahidi zaidi? Mkulima anaweza kuishi na utata huo. Rais anayeamua kupeleka majeshi hawezi.

Kent alipendekeza mwaka 1964 kwamba kila neno lipewe kiwango chake. Wenzake wengi walimcheka, wakidai anageuza ujasusi kuwa ofisi ya kamari. Leo Marekani na Uingereza zote zina jedwali la namna hiyo. Katika lile la Marekani, jambo likiitwa lenye uwezekano, maana yake ni kati ya asilimia 55 na 80. Likiitwa karibu hakika, ni kuanzia 95.

Jedwali hilo halikupatikana kwa hiari. Lilipatikana baada ya Iraq.

Septemba 2002, Bunge la Seneti la Marekani lilitaka tathmini rasmi ya silaha za maangamizi za Rais Saddam Hussein. Kwa kawaida kazi kama hiyo huchukua miezi. Hii ilikamilika katika muda usiozidi wiki tatu na kutolewa Oktoba. Ilisema Iraq ina silaha za kemikali na za kibiolojia, na kwamba imeanza upya mpango wa nyuklia.

Kuhusu nyuklia, nguzo kubwa ilikuwa mabomba ya alumini ambayo Iraq iliyaagiza na baadhi yake yakakamatwa Jordan mwaka 2001. CIA ilisema ni ya mashinepewa za kurutubisha madini ya urani. Wataalamu wa Wizara ya Nishati ya Marekani, ambao ndio hasa wenye ujuzi wa mashine hizo, walisema vipimo vyake havifai kwa kazi hiyo bali vinalingana na maroketi ya kawaida ya milimita 81. Wachambuzi wa Wizara ya Mambo ya Nje waliafikiana nao na kuandika pingamizi. Pingamizi likawekwa ndani ya hati. Waliokuwa na haraka hawakulifikia.

Kuhusu silaha za kibiolojia, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Madai kwamba Iraq ilikuwa na maabara zinazohamishwa kwa malori yalimtegemea kwa kiasi kikubwa mtu mmoja, mhandisi wa kemikali kutoka Iraq, Rafid Ahmed Alwan al-Janabi, aliyefika Ujerumani mwaka 1999 akiomba hifadhi. Shirika la ujasusi la Ujerumani, BND, lilimhoji na kuwapa Wamarekani ripoti takriban 100 zilizotokana na maneno yake. Walimpa jina la siri la Curveball. Wamarekani hawakuruhusiwa kumhoji wenyewe. Mmarekani mmoja tu wa upande wa ujasusi alikutana naye kabla ya vita, Mei 2000, akaondoka na wasiwasi, kwani mtu huyo alionekana kuwa na uchovu wa ulevi. Wajerumani nao hawakuweza kuthibitisha alichosema.

Ripoti 100 kutoka kwa mtu mmoja ni ripoti moja iliyorudiwa mara 100. Mezani hazikuonekana hivyo. Zilipangwa, zikanukuliwa, tathmini moja ikajengwa juu ya nyingine, mpaka aliyesoma ghorofa ya juu hakuweza kuuona msingi.

Palikuwa pia na mtoa habari mwingine aliyedai kuunga mkono habari za malori. Mei 2002 Idara ya Ujasusi wa Kijeshi ya Marekani ilitoa ilani ya kwamba mtu huyo ni mzushi. Ilani haikuunganishwa na ripoti zake kwenye kumbukumbu. Hivyo miezi mitano baadaye maneno yake yaliingia katika tathmini rasmi, na 5 Februari 2003 yakasikika tena pale Waziri wa Mambo ya Nje Colin Powell alipolihutubia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa akionyesha michoro ya malori hayo. Kosa hilo halikuhitaji jasusi wa adui. Lilikuwa kosa la karani.

Na juu ya yote ilikaa dhana iliyokuwapo tangu miaka ya 1990. Saddam alikwisha kutumia silaha za kemikali, aliwadanganya wakaguzi, kwa hiyo lazima anazo bado. Wakaguzi walipokwenda na kukosa, kukosa huko kulihesabiwa kuwa ushahidi wa werevu wake wa kuficha. Kwa dhana ya namna hiyo hakuna ushahidi unaoweza kumtoa mtu hatiani. Hakuna aliyekaa na kuandika kwa uzito ule maelezo mengine: kwamba silaha ziliharibiwa mapema miaka ya 1990, na kwamba mtawala yule aliacha shaka iendelee kwa kuwa aliihofia Iran kuliko alivyoihofia Marekani. Hayo ndiyo yaliyokuja kuelezwa na wakaguzi wa Marekani chini ya Charles Duelfer mwaka 2004, baada ya kuikagua Iraq nzima na kutokuta shehena yoyote ya silaha hizo.

Wakati huo vita vilikuwa vimeanza tangu 20 Machi 2003. Vilikuja kuua askari wa Marekani zaidi ya 4,000 na raia wa Iraq zaidi ya laki moja. Al-Janabi aliliambia gazeti la Guardian la Uingereza mwaka 2011 kwamba alitunga habari zile akitaka utawala wa Saddam uanguke.

Tume ya Jaji Laurence Silberman na Seneta wa zamani Charles Robb ilisema Machi 2005 kwamba mashirika ya ujasusi yalikosea kabisa katika takriban hukumu zao zote za kabla ya vita kuhusu silaha hizo. Haikukuta ushahidi kwamba wachambuzi walilazimishwa na wanasiasa kubadili hitimisho lao. Hapo pana jambo la kuangaliwa vizuri: tume hiyo haikupewa mamlaka ya kuchunguza jinsi wanasiasa walivyozitumia tathmini zile. Uingereza, uchunguzi wa Lord Butler wa Julai 2004 ulionyesha kwamba tahadhari zilizokuwamo katika taarifa za siri zilidondoka njiani kabla ya hati kusomwa na wananchi. Madai maarufu kwamba silaha za Iraq zingeweza kuwa tayari kwa dakika 45 yaliwekwa katika hati ya serikali ya Septemba 2002 bila kueleza yanahusu silaha za aina gani. Mchambuzi huandika labda, msemaji husoma hakika. Kulaumu upande mmoja tu ni kurahisisha mambo.

Mabadiliko yaliyofuata yalikuwa makubwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 2004 ilianzisha nafasi ya mkurugenzi wa kusimamia mashirika yote ya ujasusi na kuagiza kwamba hoja mbadala zizingatiwe. Kanuni za mwaka 2007 zilimtaka mchambuzi aeleze ubora wa vyanzo vyake, atenganishe anachokijua na anachokidhania, na aseme ana imani kiasi gani na hukumu yake. Uwezekano na imani ni mambo mawili: mtu anaweza kusema jambo lina asilimia 70 huku akikiri kuwa msingi wake ni dhaifu.

Matunda yake yalionekana mwaka 2011, ingawa si kwa utulivu ambao wengi wangeutarajia. Wachambuzi wa CIA walikuwa wamemfuatilia mjumbe mmoja wa Osama bin Laden hadi kwenye nyumba yenye kuta ndefu mjini Abbottabad, Pakistan. Nyumba ilikuwa ya gharama, lakini haikuwa na simu wala intaneti, na takataka zake zilichomwa humohumo badala ya kutolewa nje. Mtu mmoja alionekana akitembea uani bila kutoka kamwe. Hakuna picha iliyoonyesha sura yake.

Rais Barack Obama alipouliza ni uwezekano gani kwamba huyo ndiye, alipewa majibu yaliyoanzia asilimia 40 hadi 95. Michael Morell, naibu mkurugenzi wa CIA aliyeshuhudia makosa ya Iraq, alitoa 60, akieleza kwamba ushahidi wa silaha za Saddam ulikuwa na nguvu kuliko huu. Baadhi ya wasaidizi walichanganyikiwa kwa kutofautiana huko. Lakini tofauti zile hazikutokana na taarifa tofauti. Wote walisoma mafaili yaleyale. Zilitokana na yale ambayo kila mmoja aliyapitia kazini. Obama aliamua kuichukulia kuwa nusu kwa nusu, akaamuru makomando waende. Bin Laden aliuawa humo 2 Mei 2011.

Kutofautiana kwa namna hiyo kulijirudia Ulaya. Mwishoni mwa mwaka 2021 na mwanzoni mwa 2022, Marekani na Uingereza zilitangaza wazi kwamba Urusi ingeivamia Ukraine. Ufaransa iliona majeshi yaleyale mpakani na kuhitimisha kwamba gharama ya vita ingekuwa kubwa mno kwa Moscow kuthubutu. Uvamizi ulikuja 24 Februari 2022, na mwezi uliofuata mkuu wa ujasusi wa kijeshi wa Ufaransa, Jenerali Eric Vidaud, akaondolewa. Wafaransa walikuwa sahihi kuhusu gharama. Walichokosea ni kudhani kwamba mtawala wa Urusi angepiga hesabu kama wao. Wamarekani nao, waliopatia kuhusu uvamizi, walitarajia Kiev ingeanguka upesi, na haikuanguka.

Katika Afrika Mashariki kazi hii inatajwa katika sheria. Sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa ya Tanzania ya mwaka 1996 iliipa idara hiyo jukumu la kukusanya taarifa, kuzichambua na kuishauri serikali. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 1998, ikaibadili mwaka 2012. Tathmini zenyewe wananchi hawazioni, na huzisikia tu pale mambo yanapoharibika. Baada ya magaidi kuua watu 67 katika jengo la Westgate jijini Nairobi, Septemba 2013, mjadala mkali ulihusu kama ujasusi ulitoa tahadhari na polisi wakaipuuza, au tahadhari ilikuwa pana mno kiasi cha kutomsaidia askari yeyote kujua asimame mlango gani. Malalamiko ya pande zote mbili yanaweza kuwa ya kweli kwa wakati mmoja.

Ama Fazul, mwandishi wa barua iliyokutwa Nairobi mwaka 1997, alisakwa kwa karibu miaka 13. Marekani ilitangaza zawadi ya hadi dola milioni tano kwa atakayesaidia kumpata. Setilaiti, mitambo ya kunasa simu na watoa habari vyote vilitumika. Usiku wa kuamkia 8 Juni 2011, gari alilokuwamo lilipotea njia mjini Mogadishu na kufika kwenye kizuizi cha askari wa serikali ya Somalia. Yalitokea mapambano ya risasi, akauawa. Askari hawakujua wamemuua nani. Alikuwa na pasipoti ya Afrika Kusini yenye jina jingine, akazikwa, na baadaye mwili ukafukuliwa ili uchunguzi wa vinasaba uthibitishe kwamba ndiye.

Garini mlikutwa fedha taslimu, simu, na kompyuta. Kompyuta ilipelekwa kwa wachambuzi.